Chuchu zinauma, maziwa "hayatoshi", homa imepanda: maswali ya mzazi mpya na majibu yake

Haya ni maswali yanayozunguka kwenye mabenchi ya kliniki ya mama na mtoto na kwenye vikundi vya simu vya kina mama, Dar es Salaam na mikoani. Nimeyaandika karibu na yanavyoulizwa. Niseme mapema upande niliopo: naamini wazazi wengi wanaoanza kuchanganyia maziwa ya kopo wiki mbili za mwanzo hawakukosa maziwa. Walikosa mtu wa kukaa naye kitako akaangalia mtoto anavyoshika titi.

Nimejifungua juzi. Yanatoka matone ya njano tu, mtoto analia, na mama mkwe ameshakoroga maji ya glukosi. Nimpe?

Usimpe, mdogo wangu. Hayo ya njano ni maziwa ya dang'a, na kwa siku hizi mbili tatu ndiyo chakula chake chote. Ni machache kwa sababu tumbo la mtoto wa juzi ni dogo: kijiko cha chai kimoja au viwili kwa mnyonyo mmoja vinamtosha. Thamani yake ni kinga iliyomo.

Maziwa ya wingi huingia kati ya siku ya pili na ya nne. Kwa mzazi wa kwanza au aliyefanyiwa upasuaji huweza kuchelewa kidogo. Kinachoyaita ni kunyonya, mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na usiku usiruke, maana prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku. Mtoto aliyejazwa glukosi au dawa ya chango analala na shibe ya bure, hanyonyi, na titi lisiponyonywa linapunguza kazi. Hapo ndipo "maziwa hayatoki" inapogeuka kuwa kweli.

Na mama mkwe usigombane naye, mtaishi wote. Mwombe akuandalie uji, au amshike mtoto wakati unaoga, na kliniki ya kwanza nenda naye ayasikie kwa nesi. Ila mtoto aliyezaliwa njiti, mwenye uzito mdogo, au ambaye mama yake ana kisukari, huyo fuateni maelekezo ya wodini. Na mtoto anayelala tu, haamki kunyonya, au hajakojoa kwa siku nzima, apelekwe hospitali bila kusubiri.

Hata maji ya kunywa? Na joto hili la Dar?

Hata maji. Maziwa ya mama zaidi ya asilimia 85 ni maji. Hadi atimize miezi 6 hahitaji kingine, isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Mwenye kiu hapo ni wewe, kunywa.

Kila akishika titi machozi yananitoka. Chuchu zimepasuka, moja inatoa damu. Nimeambiwa ni kawaida, nivumilie.

Kuuma kidogo kwa sekunde chache za mwanzo, siku za mwanzo, hiyo sawa. Kupasuka na kutoa damu si jambo la kuvumilia. Mara nyingi maana yake mtoto ameshika chuchu peke yake badala ya kushika titi.

Kaa mgongo umeegemea ukuta au kiti, kanga iliyokunjwa au mto chini ya mkono. Mlete mtoto kwenye titi, usiiname kumpelekea. Tumbo lake liguse tumbo lako. Sikio, bega na nyonga viwe mstari mmoja. Mtoto aliyegeuza shingo hamezi vizuri, na ukibisha jaribu kunywa maji huku unatazama begani. Pua yake ielekee kwenye chuchu. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, kisha subiri. Hapa ndipo wengi tunapokosa subira. Subiri mpaka apanue mdomo wote, anavyopiga miayo, ndipo umvute kwako mara moja, kidevu kikitangulia.

Akishika vizuri, kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umebinukia nje, mashavu yamejaa wala hayabonyei, na ile sehemu nyeusi ya titi inaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Utasikia anameza. Ukisikia mlio wa kubusubusu na maumivu yanaendelea, usimng'oe: pitisha kidole kidogo kilichooshwa pembeni ya mdomo wake, aachie, anza upya. Hata mara tano.

Sasa angalia tatizo. Wewe unatazama kutoka juu, na mdomo wa chini wa mtoto huuoni. Umefichwa na titi lenyewe. Anayeuona ni mtu aliyeketi mbele yako, chini kidogo. Ndiyo maana video kumi za simu zinaweza zisikusaidie na dada wa nyumba ya pili, aliyenyonyesha mwaka jana, akakuambia neno moja tu: "Mdomo wake umekunjwa ndani."

Wakati vidonda vinapona, anza na titi lisilouma sana, ukimaliza kamua matone mawili upake kwenye chuchu, acha ikauke kwa hewa. Sabuni na spiriti weka mbali. Kama mtoto ana utando mweupe mdomoni usiofutika, na chuchu zako zinawaka moto hata baada ya kunyonyesha, huenda ni fangasi. Mtatibiwa wote wawili siku moja, la sivyo mtaambukizana. Na kama ameshikishwa vizuri kila mara lakini maumivu hayaishi, mwombe nesi aangalie chini ya ulimi wa mtoto kama haujafungwa.

Maziwa yangu hayatoshi. Ana wiki tatu, jioni ananyonya saa nzima, anaacha, anataka tena.

Nani amekuambia hayatoshi? Mara nyingi jibu ni "anavyolia", au "matiti yamelegea", au "nimekamua nikapata kidogo". Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopima maziwa. Watoto wengi huomba titi mfululizo jioni, na wakati wanapokua kwa kasi, kama karibu na wiki ya tatu na ya sita, hunyonya mpaka mtu akachoka. Matiti kulegea baada ya wiki chache ni dalili kwamba mwili umeshazoea kutengeneza kadiri inavyohitajika. Na mkono au pampu havikamui kama mtoto.

Hesabu nepi. Kuanzia siku ya tano, mtoto anayeshiba hulowesha 6 au zaidi kwa saa 24, na mkojo ni mweupe, si wa njano iliyokolea. Kisha angalia kadi ya kliniki. Kupungua uzito siku za mwanzo, hadi kama asilimia 7, huwa hakutishi. Ikikaribia 10 mtoto anahitaji kuangaliwa. Kufikia wiki mbili awe amerudi kwenye uzito aliozaliwa nao. Kadi ikipanda na nepi zikilowa, maziwa yapo.

Ukitaka yaongezeke, mnyonyeshe mara nyingi zaidi, titi moja likilainika mpe la pili. Titi si ndoo inayosubiri ijae ndipo itekwe. Kinachotolewa ndicho kinachorudishwa. Mtori, supu, uji wa pilipili manga, vyote ni vizuri na vinampa mzazi nguvu, navipenda mwenyewe, lakini havichukui nafasi ya kunyonyesha. Halafu kuna oksitosini, homoni inayosukuma maziwa yatoke. Hofu na maumivu huizuia. Mama aliyezungukwa na watu wanaomwambia "mtoto anakufa njaa" anaweza kuwa na maziwa yasiyotoka kwa wakati huo.

Wapo ambao kweli maziwa ni machache: aliyebakiwa na kipande cha kondo, aliyetokwa damu nyingi, mwenye tatizo la tezi ya shingo, aliyewahi kupasuliwa titi, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Hao wanahitaji daktari, si semina ya uvumilivu. Kama mtaalamu ameshauri maziwa ya kopo, mpe kwa kikombe kidogo badala ya chupa, endelea kunyonyesha, na usiombe radhi kwa mtu.

Titi limekuwa gumu upande mmoja, jekundu, na nina homa. Shangazi anasema niache kunyonyesha upande huo.

Shangazi anakosea hapa. Maziwa yakituama hali huwa mbaya zaidi. Endelea kunyonyesha kwa kawaida upande huo, na kama mtoto hawezi kushika kwa sababu titi limejaa mno, kamua kidogo tu lilainike. Baada ya kunyonyesha weka kitambaa cha maji baridi. Usilikande kwa nguvu wala kwa maji ya moto yale ya kukandia tumbo. Parasetamoli inaruhusiwa. Homa isiposhuka ndani ya saa 24, au ukizidiwa kabla ya hapo, nenda kituo cha afya. Huenda ukahitaji antibayotiki, na zipo ambazo mama anayenyonyesha anatumia bila shida. Ukihisi uvimbe unaobonyea, wenye maji ndani, huo waweza kuwa jipu, na jipu hutolewa usaha na daktari.

Mtoto anakonda na majirani wanasema kabemendwa. Ni kweli maziwa huharibika wazazi wakikutana?

Hapana. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Mtoto anayekonda ana sababu inayotafutika: hanyonyi vizuri, anaharisha, ana maambukizi, au ana zaidi ya miezi 6 na chakula chake ni uji mwepesi mtupu. Ubaya wa neno hili ni kwamba mama anaona aibu kwenda kliniki, mtoto anazidi kudhoofu. Mpeleke akapimwe leo. Kilicho cha kweli ni kwamba mimba inaweza kuingia. Kunyonyesha huzuia mimba kwa kiwango kikubwa, zaidi ya asilimia 98, pale tu mambo matatu yakiwa pamoja: mtoto hajafika miezi 6, hedhi haijarudi, na ananyonya tu mchana na usiku bila kupewa kingine.

Nina VVU. Ninyonyeshe?

Ukiwa unameza ARV zako kila siku, ndiyo. Maziwa yako tu kwa miezi 6, kisha chakula huku unaendelea kunyonyesha kama kliniki itakavyokuelekeza. Mtoto apewe dawa yake ya kinga na apimwe kwa ratiba, kipimo cha kwanza kikiwa kati ya wiki ya 4 na ya 6. Chuchu ikipasuka au titi likiwaka, nyonyesha upande usio na tatizo, wa ugonjwa kamua umwage mpaka upone, na umwone nesi mapema.

Sisi wazazi watano wa mtaa mmoja tunataka tuwe tunakutana. Kuna faida, au tutaishia umbea?

Umbea utakuwepo, na si hasara. Faida imepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulifuatilia kina mama wa Burkina Faso, Uganda na Afrika Kusini waliotembelewa nyumbani na wanawake wa kawaida wa maeneo yao, si manesi, waliopewa mafunzo mafupi. Huko Mbale, Uganda, mtoto akiwa na wiki 12, asilimia 82 ya waliotembelewa walikuwa wakinyonyesha tu bila kuchanganya. Kwa wasiotembelewa ilikuwa 44. Afrika Kusini matokeo yalikuwa madogo sana, 10 kwa 6, kwa hiyo si uchawi. Lakini tofauti ya Mbale ililetwa na ziara chache tu za mwanamke mwenzao.

Kutaneni nyumbani kwa aliyejifungua karibuni, yeye asitoke. Mmoja awe amewahi kunyonyesha hadi mwisho. Msije na hotuba. Njooni na watoto, nyonyesheni, mtazamane vidomo. Mmoja afue nepi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wenu akaribishwe mara moja moja. Muuza maziwa ya kopo mwenye zawadi asikaribishwe. Kanuni ya Kimataifa ya mwaka 1981, inayohusu uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama, inakataza kampuni kuwagawia kina mama sampuli. Dawa za mwenzako usimeze.

Na msinyonyesheane watoto, hata kwa wema, kwa sababu ya VVU. Nairobi, hospitali ya Pumwani ilifungua benki ya maziwa ya mama mwaka 2019, na huko maziwa yanayochangwa hupimwa na kutiwa joto la kuua vijidudu kabla ya kumfikia mtoto. Sebuleni kwenu hilo halipo.

Kitu kimoja muwe macho nacho. Kulialia siku kumi za mwanzo huwapata wengi. Mwenzenu akipita wiki mbili bado hataki kumshika mtoto, halali hata mtoto akilala, au anasema bora asingekuwepo, msimwambie asali tu. Mmoja amsindikize hospitali, mwingine abaki na watoto.

Narudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu. Basi tena?

Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakupa likizo ya angalau siku 84, au 100 kwa mapacha, na ukirudi mwajiri akuruhusu hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Ziombe kwa barua kabla likizo haijaisha. Wiki mbili kabla, anza kukamua asubuhi, wakati matiti yamejaa. Maziwa kwenye kikombe safi chenye kifuniko hukaa hadi saa 4 nje ya friji pasipo na joto kali, ndani ya friji siku 4. Usiyachemshe, tumbukiza kikombe kwenye bakuli la maji ya moto mpaka yawe vuguvugu. Yakijitenga na krimu juu hayajachacha, yatikise taratibu.

Mimi ni baba. Matiti sina, nifanye nini?

Akianza kunyonyesha, mletee maji. Kiu humbana dakika hiyohiyo. Usiku akimaliza, wewe mcheulishe mtoto, umbadilishe nepi, yeye alale. Wageni wenye ushauri wa maziwa ya kopo wajibu wewe, tena mlangoni. Na sheria ileile inakupa angalau siku 3 za likizo ya uzazi, uzichukue ndani ya wiki ya kwanza. Zisiishe ukiwa unapokea hongera kijiweni.