Je, wajua kwa nini watu wa New Ireland huchonga sanamu kwa miezi kadhaa, kisha wakaiacha ioze?

Anza na jicho. Jicho la sanamu hiyo, iitwayo malagan, ni kidude cha mviringo, kijani kinachokolea na kuwa cheusi katikati, na linang'aa kama lina unyevu. Halikupakwa rangi. Ni kile kifuniko kigumu ambacho konokono wa baharini hujifungia mlango anapojivuta ndani ya gamba lake. Fundi hukipachika kwenye mti, na ghafla gogo linakutazama.

Kazi hiyo humchukua miezi. Halafu shughuli ya kuwaaga marehemu ikiisha, sanamu na macho yake huachwa msituni ioze, au huchomwa moto. Mtu aliyezoea kuona vinyago vikiwekwa kabatini au vikiuzwa kwa watalii lazima ashangae. Kwa nini kutaabika kiasi hicho kwa kitu cha siku chache?

New Ireland ni kisiwa chembamba, kirefu zaidi ya kilomita 300, kaskazini-mashariki mwa Papua Guinea Mpya, katika ukanda wa Melanesia. Watu wa kaskazini mwa kisiwa hicho na wa visiwa jirani vya Tabar huita malagan sanamu hizo, na pia shughuli nzima inayozizunguka: karamu, ngoma na malipo. Msomaji wa pwani ataelewa upesi nikisema kwamba malagan ni kuanua matanga. Maiti huzikwa mapema, lakini malagan hungoja mwaka mmoja, pengine miaka, mpaka ukoo ukusanye nguruwe na viazi vya taro vya kutosha kulisha wageni. Ni jambo la gharama kubwa, ndiyo maana mara nyingi marehemu kadhaa hufanyiwa shughuli moja. Siku hiyo madeni baina ya koo hulipwa, miiko ya msiba huondolewa, na marehemu huagwa kwa mara ya mwisho.

Uchongaji hufanyika ndani ya ua uliozungushiwa uzio, na wanawake hawaingii. Mti unaopendwa ni alstonia, mwepesi na laini. Zamani tezo zilikuwa za mawe au makombe, na ngozi ya papa ilifanya kazi ya msasa. Baadaye chuma kilipofika kwa wafanyabiashara, mafundi wakazidi kuthubutu. Na kweli wanathubutu! Katika gogo moja utakuta samaki aliyemmeza mtu nusu, ndege aliyeuma nyoka, na vijiti vyembamba vinavyozunguka vyote kama kizimba, huku hewa ikipita katikati. Juu yake huja rangi: nyeupe ya chokaa ya matumbawe, nyeusi ya makaa, nyekundu ya udongo. Michoro hiyo ni midogo na imebanana hata jicho haliwezi kukamata umbo lote kwa mara moja. Mimi naiona kuwa miongoni mwa kazi ngumu kabisa za uchongaji duniani.

Sasa jibu. Marehemu amepoteza mwili, na sanamu humpa mwingine wa muda, ili waliobaki wamwone, wamlipie haki zake na kumruhusu aende. Akishaondoka, mti hauna kazi tena. Kuuhifadhi kungekuwa kama kuendelea kukaa matanga baada ya matanga kuanuliwa.

Lakini kuna sababu ya pili, nayo ndiyo inayonigusa zaidi. Kinachomilikiwa katika malagan si mti, ni umbo. Kila mtindo una wenyewe. Haki ya kuagiza sanamu ya aina fulani hurithiwa, au hukabidhiwa kwa malipo ya nguruwe na fedha ya makombe, hadharani, mbele ya mashahidi. Anayechonga bila haki ameiba. Mali halisi, basi, hukaa vichwani mwa watu, na gogo linaweza kuoza bila mali hiyo kupotea.

Si kila kitu hutupwa. Barakoa za tatanua, ambazo wanaume huvaa wakicheza ngoma, mara nyingi zilitunzwa na kutumika tena. Utazitambua kwa kishungi kirefu katikati ya kichwa na pande mbili zisizofanana. Ni mtindo wa nywele wa wafiwa wa zamani: pande zimenyolewa na kupakwa chokaa, katikati nywele zimeachwa na kutiwa rangi. Wakubwa nao walivaa kapkap, kisahani cheupe cha kombe kubwa la baharini, juu yake gamba la ng'amba lililotobolewa kwa ustadi mfano wa lesi.

Wajerumani walitawala kisiwa hicho kuanzia 1884 hadi 1914, karibu miaka ileile waliyoitawala Tanganyika, wakakiita Neu-Mecklenburg. Mabaharia, maofisa na wakusanyaji wa makumbusho walizitamani sanamu, na wenyeji wakaziuza nyingi shughuli ikishakwisha. Kwao haikuwa shida: kumpa mgeni aondoke nayo melini kulikuwa njia nyingine ya kuitupa. Ndivyo Berlin, iliyohifadhi pia vitu vilivyotoka Tanganyika, ilivyojaza maghala yake sanamu ambazo wachongaji walikusudia zisiwepo tena.

Malagan bado hufanywa hadi leo. Uzio ukifunguliwa, atakayekabidhiwa haki husimama mbele ya sanamu na kuitazama sana: samaki yuko wapi, nyoka anapita upande gani, nyekundu inakutana wapi na nyeupe. Huenda ikapita miaka mingi kabla ya msiba mwingine kumfikia. Siku hiyo atakaa na fundi, kusiwe na mfano wa kuonyesha, na kumweleza umbo lote kwa maneno.