Je, shamba likitelekezwa, ndege hunufaika?

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa ndiyo. Mkulima akiondoka, nyasi huota, vichaka hufuata, miti hurudi na ndege huongezeka. Nilikosea, na kosa lilikuwa katika neno lenyewe "ndege", kana kwamba wote hutaka makao ya namna moja. Wapo wanaofika kwa sababu shamba limeachwa, na wapo wanaotoweka kwa sababu hiyohiyo.

Tazama New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Mfereji wa Erie ulifunguliwa mwaka 1825, reli zikafuata, nafaka ya bei nafuu ikamiminika kutoka magharibi, na wakulima wengi wakayaacha mashamba yao yenye mawe. Kuta walizozungushia malisho leo zimo katikati ya msitu.

Shamba lililoachwa ni kama nyumba ya kupanga ambayo mwenyewe haachi kuibomoa na kuijenga upya. Mpangaji hafukuzwi, hurudi msimu mwingine akakuta chumba chake hakipo. Bobolinki, ndege mdogo wa nyasini, hutaga chini, katikati ya majani marefu. Kila mwaka husafiri kama kilomita 20,000 kwenda Amerika Kusini na kurudi. Vichaka na misonobari michanga vikishasimama pale alipotagia, hana tena pa kutaga. Chumba hicho sasa ni cha Setophaga pensylvanica, ndege mdogo wa vichakani mwenye mistari ya hudhurungi ubavuni. John James Audubon, mchoraji mashuhuri wa ndege, alikutana naye siku moja tu maishani, huko Pennsylvania, Mei 1808! Vichaka vilipotapakaa kwenye mashamba yaliyoachwa, ndege huyo akawa wa kawaida kabisa. Kisha miti hufunga kivuli, vichaka hufa, naye hupungua. Anaingia gogota mkubwa mwenye kishungi chekundu, maana sasa kuna vigogo vinene vya kutoboa.

Msitu unaorudi si lazima uwe uleule uliofyekwa. Usambara Mashariki, Tanzania, hondohondo hubeba mbegu za Maesopsis eminii, mti ulioletwa na watu, na kuzidondosha kila wanapotua.

Wala kupungua kwa bobolinki hakutokani na miti peke yake. Hata penye majani ya kulishia ng'ombe, mashine siku hizi hupita mapema, makinda wakiwa bado kiotani. Ndiyo maana baadhi ya wakulima wa New England huchelewesha kukata mpaka makinda waweze kuruka.