Risasi ya Kubuni Haizidi ya Kiwandani kwa Nguvu

Wapo wawindaji Uganda wanaoamini kwamba ukipanua shingo ya ganda la .308 Winchester, risasi ya 1952, libebe kichwa cha milimita 8.6, umepata risasi ya kubuni, yaani isiyotengenezwa na kiwanda chochote, inayoishinda ya kiwandani kwa nguvu. Sivyo. Bunduki ya bolti fupi, ile iliyoundwa kwa risasi kama .308, hupokea risasi yenye urefu wa milimita 71 hivi, na ganda lile lile hubeba baruti karibu ile ile. Tena viwanda vimeshaifanya kazi hiyo ya kupanua shingo: .358 Winchester, yenye kichwa kipana zaidi, ilitoka 1955, na .338 Federal, ya milimita 8.6 hiyo hiyo, ikafuata 2006.

Kinachonitia hofu hasa ni muhuri wa kitako, yaani jina la risasi lililogongwa chini ya ganda. Ganda lililopanuliwa bado limeandikwa .308! Ukichanganya maganda, .308 halisi huingia kwenye mtutu mpana, kichwa hulegea, gesi huvuja, shabaha hupotea na mnyama hukimbia na jeraha. Na risasi zikikuishia Karamoja, hakuna duka linalouza za kubuni.

Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20, aliangusha tembo wengi kwa risasi nyembamba ya .275, kwa vichwa vigumu vilivyofika mahali sahihi. Kwa kobu au pofu, nunua .338 Federal, kisha tumia muda wako kwenye shabaha.