Gugu lipi ling'olewe, lipi liachwe: mambo ya prairi

Anayetembelea prairi, yaani mbuga ya nyasi ya Amerika Kaskazini, iliyopandwa upya mwaka wa kwanza huondoka na huzuni. Anakuta gugu liitwalo Ambrosia limefika kiunoni, maua aliyoahidiwa hayaonekani, na swali linakuwa lile lile: mbona hamng'oi? Hatung'oi kwa sababu gugu hilo ni mwenyeji wa Amerika Kaskazini, huishi msimu mmoja, na hustawi pale udongo ulipo wazi. Nyasi za prairi za kudumu kama Andropogon gerardii huanza kwa kushusha mizizi. Zikishajaa, Ambrosia hukosa pa kuota. Tunachofanya ni kufyeka tu, miche ya nyasi hizo ipate jua.

Sura ya mmea hainishughulishi sana. Najiuliza: ukiachwa miaka kumi, utaishi na wenzake au utawafukuza?

Lespedeza cuneata, mmea wa jamii ya kunde, hufukuza. Iliingizwa Marekani kutoka Asia mwishoni mwa karne ya 19, baadaye ikapandwa kwa wingi ili kuzuia mmomonyoko na kulisha mifugo. Ikikomaa hujaa tanini, kemikali ya ukakasi, ng'ombe wakaikwepa na kula majirani zake. Yaani malisho yenyewe yanaifungulia njia. Mbegu zake zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 20 zikiwa hai. Kule Flint Hills, Kansas, ambako sheria imeitangaza gugu hatari, wafugaji wamezoea kuchoma nyasi majira ya kuchipua, lakini moto huo hausaidii: huweza hata kuamsha mbegu. Moto wa mwishoni mwa kiangazi, kabla mbegu hazijakomaa, ndio unaoiumiza.

Na uenyeji nao si hati ya usafi. Juniperus virginiana, ndugu wa mtarakwa, ni mwenyeji kabisa, ila moto ukizuiwa hugeuza prairi kuwa kichaka. Mche mdogo ukiungua hauchipui tena. Ukiuacha ukue, utahitaji msumeno.

Mibaruti, mimea ya miiba ya jamii za Carduus na Cirsium, ndiyo inayonitia uchungu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mdudu Rhinocyllus conicus aliletwa kutoka Ulaya ale mbegu za mibaruti ya kigeni, jamii ya Carduus. Akahamia kwenye mibaruti ya kienyeji. Huko Nebraska, Marekani, mmoja wao, Cirsium canescens, ikapungukiwa mbegu vibaya. Ndiyo maana kila ninaposikia “adui wa asili”, yaani mdudu anayeletwa kula gugu, nataka kwanza kujua anakula nini kingine.

Watu nao humwagia dawa ya magugu kila chenye miiba, ilhali mibaruti ya kienyeji Cirsium altissimum na Cirsium discolor hulisha nyuki na ndege. Kabla hujashika bomba, geuza jani. Upande wa chini ukiwa mweupe kama sufi na shina halina mapezi ya miiba (mbavu bapa zinazoshuka kwenye shina), huenda ni mwenyeji, uache. Cirsium arvense, mgeni, kwa kawaida ni kijani chini ya jani na hutambaa kwa mizizi, kwa hiyo usijaribu kuing'oa kwa jembe: kila kipande cha mzizi kinachobaki kinaweza kuchipua.