Siku 21 hazikuandikwa kwa ajili ya unga

Juzi mama mmoja wa Makorora alinijia na kitabu amekiviringisha kwenye khanga. Ni vile vitabu vya kubadili tabia, vyenye kuahidi kwamba tabia yoyote inakatika kwa siku 21, vinavyopangwa chini juu ya turubai, kurasa za fotokopi, jalada linakaribia kung'oka. Mwanawe anatumia unga, yaani heroini, na alikuwa amemfungia ndani nacho; upande wa ndani wa jalada kijana alikuwa amechora vijiti kwa kalamu, kimoja kila siku, vinne vimesimama na cha tano kimekatiza juu yake. Vimefika 21. Cha mwisho amekizungushia duara.

"Siku zilitimia, mwanangu, nikamfungulia mlango," akaniambia. "Siku mbili tu, karudi kijiweni. Basi huyu hana nia, au vipi?"

Mimi ni mshauri nasaha hapa Tanga, kazi yangu ni watu wa unga na pombe na familia zao. Hiyo hesabu ya siku 21 nimeisikia kwa wazazi, kwa mashekhe, kwa wachungaji, hata kwa wahudumu wenzangu. Nimeichoka, na zaidi ya kuichoka, naiogopa.

Dhana: tabia yoyote inakatika kwa siku 21. Hesabu hii ilienea kutokana na kitabu cha mwaka 1960 cha Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura huko Marekani. Aliona kwamba mgonjwa aliyerekebishwa pua huchukua siku zipatazo 21 kuizoea sura yake mpya kwenye kioo. Tena alisema si chini ya hapo. Waliokuja baadaye wakaliacha hilo neno "si chini ya", wakabaki na namba, wakaitia kwenye kila kitu. Hakuwa akizungumzia heroini.

Mwaka 2009 watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua jambo dogo la kufanya kila siku, kama kula tunda na chakula cha mchana au kunywa maji. Ili jambo hilo lijiendee lenyewe, kiwango cha kati kilikuwa siku 66. Mwepesi kabisa alichukua siku 18, na mzito alikadiriwa kuhitaji siku 254. Hapo tunasema habari ya tunda na maji. Hakuna mtu anayeshikwa na arosto kwa kukosa tunda, hakuna anayetapika wala kuumwa mifupa usiku kucha.

Ninachokiogopa ni hiki. Mtu akikaa wiki tatu bila unga, mwili wake unapoteza ule ustahimilivu. Kipimo alichokuwa akikitumia zamani na kutembea nacho mitaani, leo kinaweza kumkata pumzi. Familia inadhani siku ya 22 ni ya kusherehekea, kumbe ni katika siku za hatari kuliko zote. Yule mama nilimwambia wazi: ukimkuta amelala haamki, anakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi, usimmwagie maji, usimnyweshe maziwa. Mlaze ubavu, tafuta bajaji, mkimbize hospitali.

Na kitabu kikihesabu siku, basi siku ya 23 akirudia, kila mtu nyumbani anatoa hukumu ileile: hana nia. Kijana naye anaiamini. Nimewaona walioacha kuja kwangu zaidi kwa aibu ya vijiti 21 kuliko kwa uchu wenyewe. Mimi hushauri mtu akishika kitabu chochote cha kuacha uraibu, atafute kwanza sura inayozungumzia kurudia, aisome kabla ya zote. Kama haimo, akirudishe alikokitoa.

Dhana: ukimfungia ndani na kitabu, atatoka msafi. Kwa mtu wa gongo ya kila siku hili linaweza kuua. Mlevi aliyezoea kwa miaka akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, halafu kuweweseka na kuona visivyokuwepo. Huyo anahitaji dawa na mtu wa kumwangalia. Mpelekeni hospitali kabla ya kufunga mlango.

Dhana: methadoni ni unga wa serikali. Hapana. Ni dawa ya kumtibu mraibu wa heroini. Inakaa mwilini muda mrefu, anayeitumia anakunywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, arosto inatulia, anaweza kwenda kazini. Nchini ilianza Muhimbili mwaka 2011, na sisi hapa tunayo katika hospitali ya Bombo. Vitabu vingi vya kujibadili havina hata ukurasa mmoja juu yake, msomaji anabaki kudhani kumeza dawa ni kushindwa.

Dhana: kitabu cha hatua 12 ukikisoma peke yako kinatosha. Hatua hizo ni za Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Walevi wawili walioanzisha chama hicho walianza kukutana na kuzungumza huko Akron, Marekani, mwaka 1935. Kitabu kilikuja mwaka 1939. Watu walitangulia, karatasi ikafuata, na hadi leo mahali kinaposomwa vizuri ni kwenye duara, kwa sauti, mmoja anasoma na mwenzake anasema, "hapo umenisema mimi."

Msinielewe kwamba navikataa vitabu. Jambo moja vimelipata sawasawa: uchu una saa yake, una mahali pake, una watu wake. Nina mvuvi mmoja, kitabu cha tabia alikisoma mara mbili na hakikumsaidia, mpaka tulipokaa nacho wawili tukaacha kuhesabu siku tukaanza kuuliza maswali. Unaitamani saa ngapi? Asubuhi. Uko wapi? Deep Sea, pale wavuvi wanaposhusha samaki, samaki wameshauzwa. Una nini mkononi? Hapo akanyamaza, akakunjua kiganja, akakitazama. Pesa. Kila alipolipwa, mkono ukiwa umejaa noti, miguu ilikuwa ikijua njia yenyewe.

Sasa dada yake, mama ntilie wa palepale, ndiye anayepokea malipo kutoka kwa mnunuzi. Mvuvi mwenyewe anapewa chai na chapati mbili, anakaa kwenye benchi mpaka wale wa kijiweni watawanyike, ndipo anapanda boda kwenda Bombo kunywa dawa. Ameshateleza mara mbili tangu tuanze. Mara zote mbili alinipigia simu siku hiyohiyo.