Pwani za Uingereza zinazofanana na ughaibuni, na sababu zake

Kila majira ya joto yanapokaribia, jamaa na marafiki wanaoishi Uingereza huniuliza waende wapi wapate mchanga mweupe na maji ya rangi ya feruzi, ilhali pasipoti walizo nazo zinawalazimu kuomba viza ya Schengen kabla ya kukanyaga Uhispania au Ugiriki. Kwa kuwa kazi yangu ni jiografia ya pwani, huwajibu kwamba mahali hapo papo, tena hapahitaji viza nyingine, lakini ni vyema kuelewa kwanza kwa nini panafanana na nchi za mbali, maana sababu hizohizo ndizo zinazoonyesha mfanano huo unaishia wapi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni visiwa vya Scilly, vilivyoko kilomita zipatazo 45 kutoka Land's End, ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza. Ni visiwa vingi, ila vinavyokaliwa na watu ni vitano tu: St Mary's, Tresco, St Martin's, Bryher na St Agnes. Msomaji aliyezoea Paje au Diani ataufahamu upesi weupe wa fukwe zake, ingawa asili yake ni nyingine kabisa. Mchanga wetu wa Pwani kwa sehemu kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Wa Scilly umetokana na miamba ya graniti, ambayo ikimomonyoka huacha punje ngumu za kwatsi pamoja na vipande vyembamba vya ulanga vinavyometameta juani. Rangi ya maji nayo ina maelezo mepesi. Maji huufyonza mwanga mwekundu mapema, huku wa buluu na wa kijani ukiendelea kupenya. Pale ambapo sakafu ya bahari ni mchanga mweupe na kina ni kifupi, mwanga huo hurudi juu na kumfikia mtazamaji ukiwa na rangi ya feruzi. Scilly hakuna mto mkubwa wa kuleta tope, tofauti na pwani ya mashariki ya Uingereza, ambako mito na majabali laini yanayoporomoka huyatia maji rangi ya chai ya maziwa.

Jambo linalowashangaza wageni zaidi ni mimea. Scilly iko karibu nyuzi 50 kaskazini mwa ikweta, yaani sambamba na mji wa Winnipeg nchini Kanada, ambako wastani wa joto la Januari huwa kiasi cha nyuzijoto 16 chini ya sifuri. Mwezi huohuo Scilly huwa na wastani wa nyuzijoto 8 hivi juu ya sifuri, na jalidi huonekana kwa nadra. Watu wengi huutaja mkondo wa maji ya vuguvugu unaotoka Ghuba ya Meksiko, nao kweli unachangia, lakini mkondo peke yake usingetosha. Bahari hutunza joto la kiangazi kwa miezi mingi kuliko nchi kavu, na pepo zinazotawala huvuma kutoka magharibi, zikilichukua joto hilo na kulileta visiwani wakati wa baridi. Winnipeg, iliyoko katikati ya bara, haina hifadhi ya namna hiyo.

Augustus Smith, aliyeikodi Scilly mwaka 1834, aliitumia hali hii kupanda bustani kuzunguka magofu ya nyumba ya watawa katika kisiwa cha Tresco. Leo humo hustawi protea na agapanthasi wa Afrika Kusini, ekiamu warefu wa visiwa vya Kanari, na mimea ya Australia na New Zealand. Hata hivyo joto halikuwa tatizo lake la kwanza. Upepo wenye chumvi ungeiua mimea hiyo yote kama asingeikinga kwa ukuta wa misonobari na misaipresi iliyotoka California. Udhaifu wa mpango huo ulidhihirika Januari 1987, theluji na jalidi kali vilipoangamiza sehemu kubwa ya bustani, na tena mwaka 1990, dhoruba ilipoiangusha miti mingi ya kukinga upepo. Bustani ilipandwa upya, lakini anayeitembelea ajue kwamba anatazama kitu kinachotunzwa kwa mikono ya watu kila siku.

Wakati wa bamvua kubwa, maji yakipwa mpaka mwisho, mtu anaweza kuvuka kwa miguu kati ya Tresco na Bryher. Sehemu kubwa ya visiwa hivi zamani ilikuwa kisiwa kimoja, kabla kina cha bahari hakijapanda na kuyafunika mabonde.

Huko kaskazini kabisa, katika kisiwa cha Harris nchini Scotland, ufuo wa Luskentyre una weupe unaotokana na makombe, hivyo unakaribiana zaidi na wa kwetu. Chokaa yake hupeperushwa na upepo hadi nyuma ya ufuo na kurutubisha udongo, ndiyo maana tambarare za hapo hujaa maua ya mwituni wakati wa kiangazi. Katika kisiwa cha Barra, kusini zaidi, ndege ndogo kutoka Glasgow hutua juu ya ufuo wenyewe, na ratiba yake hufuata kujaa na kupwa kwa maji.

Picha hazisemi lolote kuhusu baridi ya maji. Hata mwezi Agosti bahari ya Scilly hufikia nyuzijoto 16 au 17 tu, na ya Harris huwa chini ya hapo. Mtoto aliyezoea kuogelea Bahari ya Hindi atatoka ndani ya dakika chache akitetemeka, asipovishwa vazi la mpira.

Torquay na miji jirani ya pwani ya kusini-magharibi, inayojiita Riviera ya Uingereza kwa kujifananisha na pwani yenye joto ya Ufaransa na Italia, siipi uzito mkubwa: miti yake inayoitwa mitende si mitende, ni kodilaini za New Zealand. Portmeirion ya Wales angalau haimdanganyi mtu, kwani ni kijiji chenye sura ya Italia alichokibuni msanifu Clough Williams-Ellis kuanzia mwaka 1925, akiokoteza vipande vya majengo yaliyokuwa yakibomolewa kwingine na kuchora madirisha mengine ukutani.

Anayetaka kwenda Scilly atafute malazi mapema sana, maana wakazi ni 2,000 na ushei na vitanda ni vichache. Meli ya abiria kutoka Penzance huchukua karibu saa tatu na haisafiri katikati ya majira ya baridi; ndege ndogo zipo, ila ukungu huzizuia. Kwa Harris ningechagua mwezi Mei, ambao kwa kawaida mvua yake ni ndogo, na visubi wanaouma bado hawajawa wengi.