Namba ya stakabadhi imeruka? Muacheni karani

Juzi, katika ofisi moja ya Mtumba, Dodoma, nimeambiwa tena: "Huyu dada anabofya mara mbili, ndiyo maana namba zinaruka." Stakabadhi 0412 ipo, 0414 ipo, 0413 haionekani, na mkaguzi anaitaka. Dada wa watu keshatakiwa aandike barua ya kujieleza.

Dhana iliyo nyuma ya lawama hiyo: logi (daftari ambamo seva huandika kila ombi linaloifikia) ikionyesha maombi mawili, mtu amefungua faili mara mbili.

Si kweli, na nimechoka kuisikia. Mbofyo mmoja unaweza kuzaa maombi mawili, matatu, hata kumi. PDF hubeba jedwali lake la yaliyomo mkiani mwa faili. Kisomaji cha kivinjari kikiona seva imejibu `Accept-Ranges: bytes`, yaani inakubali kutoa faili kwa vipande, kinaweza kukatisha ombi la kwanza na kuomba vipande, kikianza na mkia. Kwenye logi utakuta 200 (jibu la faili zima), kisha 206 (jibu la kipande), anwani ileile, sekunde ileile.

Kwa yule dada ilikuwa kitu kingine. Nilikaa kwenye kompyuta yake, nikafungua mfumo wa majaribio, nikabofya mara moja: mistari miwili, yote 200. Nikazima programu ya kupakulia iliyojibandika kwenye kivinjari, nikabofya tena: mstari mmoja. Programu hizo hulidaka faili, kisha huliomba upya zenyewe.

Lakini hata hiyo si mkosaji. Mkosaji ni mfumo unaotoa namba mpya kila ombi la GET linapofika. GET ni ya kusoma. RFC 9110 ya mwaka 2022, hati ya kanuni za HTTP (lugha ya kivinjari na seva), inasema hivyo waziwazi. Namba itolewe mara moja, kwa POST, ombi la kuandika, malipo yanapohifadhiwa. Baada ya hapo stakabadhi ifunguliwe hata mara mia, namba ni ileile. Waandishi wenzangu wa mifumo, hili ni letu, tusimsukumie karani.

Dhana nyingine: "Intaneti ya hapa Dodoma inakatakata." Pakiti (kipande cha data) ikipotea hutumwa tena huko chini kwenye TCP, tabaka linalosafirisha data, na logi ya seva haiandiki ombi jipya. Bando kubwa halitasaidia.

"Kuna mtu anatuchungulia." Kabla ya kupiga simu kwa hofu, soma mstari wa pili. Mara nyingi ni `favicon.ico`, ile picha ndogo ya kwenye kichupo. Na kiungo kikibofywa ndani ya Word, Word yenyewe huitembelea anwani kwanza, ndipo huikabidhi kwa kivinjari.

"Safisha kashe." Ukisafisha nakala hizo ambazo kivinjari kimejihifadhia, kitaomba zaidi, si pungufu.

Mimi huanza na curl, programu ya kutuma ombi kwa amri ya maandishi, kila mara. Bonyeza F12, nenda kwenye orodha ya maombi, nakili ombi likiwa amri ya curl, liendeshe kwenye seva ya majaribio. Curl haina kisomaji cha PDF wala ekstensheni (programu za kubandikwa kwenye kivinjari). Ikiacha mstari mmoja na kivinjari kikaacha miwili, zima ekstensheni moja baada ya nyingine, huku logi iko wazi pembeni.